Dawa ya kolesteroli na miguu kuwaka moto: uzoefu wangu

Maumivu ya neva, yaani mishipa ya fahamu, hayafanani na maumivu mengine, na wengi tunaoyapata tunashindwa kuyaeleza vizuri mbele ya daktari. Yangu yalianzia kwenye vidole vya miguu. Mchana ilikuwa ganzi tu, kana kwamba nimevaa soksi nene ilhali niko pekupeku. Usiku ndipo nyayo zilipowaka moto. Shuka likigusa kidole gumba, nashtuka. Nilikuwa nateremsha miguu kwenye sakafu ipate ubaridi, na nikirudi kitandani inaanza upya. Kwa kuitazama, miguu ilikuwa mizima kabisa: haikuvimba, haikuwa na kidonda, haikubadilika rangi. Ndiyo maana watu wa nyumbani, kwa nia njema, walidhani ni uchovu wa kusimama darasani.

Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari hapa Tanga. Wakati huo nilikuwa nameza atovastatini ya miligramu 40 kila usiku, moja ya dawa za kushusha kolesteroli ziitwazo statini. Nilianzishiwa baada ya kupata kiharusi cha mpito, ile hali ya mkono kuishiwa nguvu na maneno kukataa kutoka, halafu kabla ya saa moja kuisha unarudia hali yako. Nina kisukari aina ya pili kwa miaka mingi na natumia metformini, na presha pia ninayo. Mtu mwenye historia kama yangu daktari hamwachi bila statini, na ni sawa. Kolesteroli mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye majibu ya maabara, ilikuwa 4.1. Lengo nililopewa ni chini ya 1.8. Miezi michache ya dawa iliishusha hadi 2.1. Kwa hiyo dawa ilikuwa inafanya kazi yake, na hilo liliufanya uamuzi uwe mgumu: kinachonilinda ubongo ndicho huenda kinaniunguza miguu.

Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi niliisoma yote. Ganzi na hisia za kuchomwachomwa zimetajwa humo miongoni mwa athari zinazowapata watu wachache, na ugonjwa wa neva za miguu na mikono umetajwa kama jambo la nadra. Maumivu ya misuli ndiyo yanayojulikana zaidi, na nataka msomaji atofautishe hayo mawili. Misuli huuma mapajani, mabegani au kwenye vigimbi, mtu huhisi amechoka kama aliyelima, na hupata shida kunyanyuka kwenye kiti. Neva huanzia mbali, kwenye vidole, kisha hupanda, na huja na ganzi, moto, au hisia ya sindano. Ukimwambia daktari "miguu inauma" bila kusema inaumaje, unampotezea njia.

Daktari wangu wa kliniki ya kisukari ni kijana mtulivu. Nilipofika alianza, "Shikamoo Mwalimu. Miguu inasemaje?"

"Marahaba. Inawaka moto baba, usiku silali."

Nilipomwonyesha ile karatasi ya dawa hakuitupa pembeni. Alisema statini inaweza kuwa chanzo, ila kwa mtu kama mimi kuna sababu nyingine zinazotangulia mbele yake, na tukiisingizia statini mapema tutaziacha hizo zikiendelea kuniharibu. Akazitaja: kisukari chenyewe, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni kufanya kazi chini ya kiwango, figo, pombe, virusi vya UKIMWI, na dawa nyingine, mfano ile ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi ambayo hupunguza vitamini B6 mwilini. Suala la tezi lilinivutia kama mwalimu, kwa sababu tezi ikilegea huweza kupandisha kolesteroli, huweza kuathiri neva, na humfanya mtu aumie misuli zaidi akiwa kwenye statini. Mtu anaweza kutibiwa kolesteroli miaka mingi kumbe mzizi uko shingoni.

Alinipima pale pale. Aligusa nyayo zangu na kijiuzi cha plastiki huku nimefumba macho niseme nahisi au sihisi. Aliweka kwenye kifundo chuma chenye ncha mbili kinachotetema. Alinigonga nyuma ya kisigino na nyundo ndogo ya mpira. Mtetemo niliuhisi kidogo mno upande wa vidole. Baadaye nilitumwa kupimwa jinsi umeme unavyopita kwenye neva, na majibu yakaja kuwa ya kawaida. Hapo wengi hukata tamaa, maana unaambiwa "huna kitu". Lakini kipimo kile husoma neva nene. Nyuzi nyembamba zinazobeba joto na maumivu hazionekani humo, na ndizo zinazowaka usiku. Nashukuru daktari alilisema hilo mwenyewe kabla sijauliza.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: ni dawa gani nyingine nimemeza mwaka ule, hata kwa muda mfupi? Nikakumbuka nilitibiwa bakteria wa vidonda vya tumbo, na mchanganyiko ule ulikuwa na antibayotiki iitwayo klarithromisini. Akauliza na balungi. Muheza si mbali na hapa, matunda jamii ya machungwa tunayala kwa wingi, na balungi napenda. Atovastatini huvunjwavunjwa na kimeng'enya kimoja kilichoko kwenye ini na utumbo. Klarithromisini hukizuia kimeng'enya hicho, na balungi hukipunguza nguvu, hivyo dawa hubaki kwenye damu kwa wingi kuliko daktari alivyokusudia. Nilipofungua daftari langu la kliniki niliona wazi kwamba majuma yale ya matibabu ya tumbo ndiyo moto ulipozidi. Haikuwa ithibati, lakini ilikuwa dalili nzito. Mtu yeyote anayemeza atovastatini au simvastatini akiandikiwa antibayotiki aitaje statini yake dirishani pale pale, kabla ya kulipa.

Majibu ya damu yalirudi: sukari ya miezi mitatu ilikuwa 6.8, si mbaya. Tezi nzima, figo nzima, virusi hakuna, kimeng'enya cha misuli hakikupanda. B12 ilikuwa chini ya kiwango. Metformini ikitumiwa miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wa B12 tumboni, na dawa za kupunguza asidi, nilizokuwa nazo pia, huongezea hapo hapo. Upungufu huu huharibu neva kabisa, na ukiachwa sana baadhi ya uharibifu haurudi.

Tukaanza na sindano za B12, statini tukaiacha kama ilivyo. Nilitaka vyote vifanyike kwa pamoja, daktari akanishikilia: tukibadilisha viwili kwa mpigo hatutajua kipi kimesaidia. Kila usiku kabla ya kulala niliandika kwenye daftari namba moja kati ya 0 na 10 kwa ajili ya moto, nyingine kwa ajili ya ganzi, na kando yake nilichokula na dawa yoyote mpya. Namfundisha mwanafunzi kubadilisha kitu kimoja katika jaribio na kushikilia vingine, kwa hiyo utaratibu huu ulinikaa vizuri. Ganzi ilipungua polepole. Moto uligoma.

Ndipo tukazungumza kuhusu kusimamisha statini kwa majuma kadhaa. Nasisitiza neno tukazungumza. Kiharusi cha mpito kilikuwa kimepita zaidi ya mwaka, aspirini na dawa ya presha niliendelea nazo, tarehe ya kurudi ilikuwa imeandikwa, na nilikuwa na namba ya simu ya kupiga mkono ukilegea tena. Bila hayo nisingekubali, na nadhani yeye pia asingekubali. Moto ulishuka, namba zikatoka kwenye 7 zikawa zinacheza kwenye 3. Tuliporudisha atovastatini ile ile, ukapanda tena.

Ingeishia hapo, hadithi ingekuwa nyepesi. Daktari akanieleza utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2020. Watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara walipewa chupa za mwezi mmoja mmoja kwa mwaka mzima: nyingine zenye statini, nyingine zenye vidonge visivyo na dawa, nyingine tupu. Kwenye miezi ya vidonge visivyo na dawa walipata takriban asilimia 90 ya adha waliyoipata kwenye miezi ya statini. Maumivu yalikuwa ya kweli, mtu hakujifanya, ila sehemu kubwa yalitokana na kule kumeza kidonge na kukitarajia kidhuru. Kuhusu neva hasa, watafiti wa Denmark mwaka 2002 waliripoti kwamba ugonjwa wa neva ulionekana zaidi kwa watumiaji wa statini, halafu utafiti mwingine wa huko huko Denmark, wa miaka ya baadaye, haukuuona uhusiano huo. Sayansi yenyewe bado inavutana.

Nililipokea hilo kwa moyo mmoja. Nilikuwa nimekwisha kusoma ile karatasi kabla ya kusimamisha dawa, na nilijua siku niliyoirudisha. Siwezi kuapa kwamba namba zangu hazikuguswa na matarajio yangu. Lakini daktari alisema jambo ambalo kwangu lilifunga mjadala: iwe ni kemia ya dawa au matarajio, bado nahitaji kidonge ninachoweza kukimeza miaka yote, maana statini iliyobaki kabatini haimkingi mtu na kiharusi.

Akanihamishia rosuvastatini, ambayo haitegemei sana kile kimeng'enya kinachosumbuliwa na balungi na klarithromisini. Tulianza na miligramu 5 siku moja ndiyo, siku moja hapana. Inawezekana kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu. Kisha kila siku, kisha 10. Ili tusilazimike kupanda zaidi akaongeza ezetimibi, inayozuia kolesteroli isifyonzwe utumboni, yaani njia tofauti kabisa na ya statini. Duka la mtaani hawakuwa nayo, ikaagizwa Dar es Salaam, na bei yake iliuma. LDL sasa ni 1.7. Moto uko kwenye 2, usiku mwingine 1.

Kwa usingizi nilipewa amitriptilini ya miligramu 10. Ni dawa ya zamani ya sonona ambayo kwa dozi ndogo hutuliza neva. Ilinikausha mdomo na asubuhi nilikuwa nainuka taratibu nisipate kizunguzungu, ila ilinirudishia usingizi wakati nilipouhitaji zaidi.

Watu walinipenda na kunishauri mengi. Wifi yangu aliniletea kopo la vidonge vya "asili" vya kusafisha mafuta ya damu, vilivyotengenezwa kwa mchele mwekundu uliochachushwa na kuvu. Nilimshukuru, nikamwonyesha kwamba mchele ule huwa na kiini kile kile cha lovastatini, statini ya kwanza kuruhusiwa Marekani, mwaka 1987. Na hata statini yenyewe ilianzia kwenye kuvu, pale Mjapani Akira Endo alipokuwa akizichunguza miaka ya 1970. Ningevimeza, ningekuwa naongeza statini juu ya statini bila kipimo. Shoga yangu mwingine alinisihi nichome sindano za diklofenaki. Hizo hazitulizi neva, na kwa mwenye presha aliyewahi kuguswa na kiharusi ni hatari. Na vile vidonge vya vitamini vya neva vinavyouzwa bila cheti, angalieni kiasi cha B6: dozi kubwa kwa muda mrefu yenyewe huharibu neva. Kitunguu saumu na tangawizi sikuviacha, navila kama chakula.

Miguu naikagua kila jioni, hadi katikati ya vidole, kwa sababu mahali penye ganzi kidonda hakijitangazi. Pekupeku nimeacha. Maji ya kuoga nayajaribu kwa kiwiko kwanza. B12 itapimwa kila mwaka maadamu niko kwenye metformini, na hilo ni jambo la kuomba mwenyewe kliniki hata wasipokumbuka.

Mwishoni daktari alipendekeza tuwapelekee taarifa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo hupokea taarifa za madhara ya dawa hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Nilimuuliza kuna faida gani kwa jambo tusilo na hakika nalo. Akasema fomu haidai hakika, inataka shaka iliyoelezwa vizuri, na athari nyingi za nadra zilizoko kwenye ile karatasi ya boksi zilijulikana kwa taarifa za namna hiyo, baada ya dawa kuwa sokoni. Tukaijaza pamoja nikiwa na daftari langu mkononi. Sehemu ya dawa nyingine alizotumia mgonjwa haikutosha, ikabidi aendelee pembeni: metformini, dawa ya asidi, dawa ya presha, aspirini, klarithromisini, na tarehe za kila moja.