Mvuje

Mtoto wa mpwa wangu alitoka arubaini Jumapili, akaletwa kwetu. Nikampokea, nikamlaza begani, na pale pale harufu ikanipiga. Mama yangu ndiye aliyemfunga: kidonge cha mvuje, ule utomvu mkavu wa kiungo, ndani ya kitambaa cheusi, kimezungushiwa uzi mkononi. Mpwa wangu akawa anajitetea, "Inanuka, mjomba, lakini bibi hasikii la mtu." Mashetani kama yalikimbia sijui. Mimi nilijikuta Ganjoni, Mombasa, uani kwa Ba, bibi wa Kigujarati tuliyekuwa tukimpikia karamu, Novemba 2004, moshi wa kuni machoni na sinia la puri mikononi.

Mpishi wa karamu alikuwa Ami, na mimi msaidizi wake. Mtazame: fulana nyeupe, kikoi, na upawa anaoushika kama fimbo ya mwalimu. Mimi nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne, sina kazi, nina mwandiko mzuri. Ami akaona mwandiko ule usipotee bure. Yeye hesabu zake zote alikuwa akizifanya kwa kokoto kwenye kibaraza. Mwaka ule akanikabidhi daftari.

Diwali iliangukia Ijumaa, tarehe 12, ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani. Mkitaka kujua karamu ngumu ni ipi, ni hiyo: wapishi wamefunga, na wenye shughuli ni Wajaini, watu wa dini iliyotoka India. Ba na watu wake walikuwa Waoshwali, jamii ya Wajaini wa Kigujarati. Kwao Diwali si taa na fataki peke yake. Ndiyo siku Mahavira, mwalimu wao mkuu, alipofikia ukombozi wake, na kesho yake ni mwaka mpya wa Kigujarati. Nyama hakuna wa kuitaja, na yai nalo ni hivyo hivyo. Hayo mtu yeyote wa Mombasa anayajua. Asiyoyajua ni yaliyo chini ya ardhi. Kwa wanaoshika sawasawa, chochote kinachong'olewa na mzizi wake hakiliwi: kitunguu maji, thomu, viazi, karoti, muhogo, tangawizi mbichi. Ukiung'oa mzizi umeua mmea mzima, pamoja na vidudu visivyo idadi vinavyoishi mchangani. Tangawizi kavu ya kusaga ruhusa, na manjano ya unga ruhusa. Nilipomuuliza Ami vipi mzizi ule ule ukikauka unakuwa halali, aliniambia nikamenye ndizi.

Maana ndizi mbichi ndiyo kiazi chao. Ukiijua kuikata na kuichemsha isivurugike, inashika mchuzi vizuri kabisa, na mtu asiyeambiwa atadhani anakula kiazi.

Wageni walikuwa 120. Thelathini wazee wanaoshika. Waliobaki ni majirani, wanabiashara wenzao, na vijana wa nyumba ile ile ambao kitunguu kwao hakina kesi. Kwa hivyo karamu mbili katika ua mmoja. Niliyaandika yote na mpaka leo daftari ninalo. Mchele kilo 12, kilo moja watu kumi, kwa sababu puri zipo. Puri tano kwa kila mtu, jumla 600, na kilo ya unga ikitoa kama hamsini, unga nao kilo 12. Dengu. Mtindi na unga wa dengu kwa ajili ya kadhi, ule mchuzi wa mtindi. Mikungu minne ya ndizi kutoka Kongowea, njegere, sukari guru, ndimu, samli. Viungo kutoka Marikiti. Mithai, yaani ladu na jalebi, zilitengenezwa kwingine, sikutaka kuzisikia. Upande wa kulia wa ua, sufuria za wote. Upande wa kushoto, sufuria za wazee, na miiko yao, na kinu chao, visivuke mstari niliouchora kwa chokaa. Mstari ule niliuonea fahari sana. Ami aliutazama, akauruka kama mtu anayeruka mfereji, akaendelea na kazi.

Na juu ya yote, saa. Wazee wa Kijaini hawali baada ya jua kuzama. Mombasa mwezi ule jua huzama kama saa kumi na mbili na robo, kwa hivyo saa kumi na moja wawe wamekwishaketi. Yaani dakika watakayoacha kula wao ndiyo dakika tutakayoanza sisi. Mezani na jikoni tukitazama jua moja, kila mmoja na haja yake.

Sasa nifike kwenye mikebe.

Pilipili mbichi nilizitwanga mwenyewe asubuhi, sehemu mbili. Moja kwa thomu, chumvi na dania, kwa sufuria za wote. Moja bila thomu, kwa wazee. Nikazitia kwenye mikebe miwili ya bati iliyofanana, na ule wa thomu nikaufunga uzi mwekundu. Daftarini nikaandika: *uzi = thomu*. Nikapigia mstari.

Saa tisa u nusu Ami akanambia, "Tia kwa wazee." Karai lilikuwa limeshika moto. Nikamimina mafuta, haradali ikalia, jira ikafuata, kisha mvuje. Nataka niseme kidogo juu ya mvuje, maana ndio kiini cha jambo lenyewe. Ukiwa mkavu unanuka kama kitu kilichokufa nyuma ya kabati. Uguse mafuta ya moto, unageuka: unatoa harufu ya thomu na kitunguu vilivyokaangwa vikaiva. Ndiyo maana Wajaini wanaupenda. Ba aliuita hing, na alikuwa akisema kwamba Mungu hakuwanyima ladha, aliwanyima mizizi. Nikatia ndizi, nikatia njegere, nikachota pilipili vijiko viwili vikubwa, nikageuza.

Kwa siku nyingine Ami angedondosha tone kiganjani, angeonja, angejua. Siku ile hakuonja. Masheikh wameruhusu mpishi aonje kwa ncha ya ulimi kisha ateme, lakini Ami alikuwa akisema ulimi wa aliyefunga hauaminiki baada ya adhuhuri, unasifu kila kitu. Muonjaji wetu alikuwa mjukuu wa Ba, mtoto wa miaka minane, tuliyemkalisha juu ya kreti la soda na kumpa kijiko. "Chumvi?" Anatikisa kichwa. "Pilipili?" Anatikisa kichwa. Mtoto huyo, baina yetu, nilishamwona kwa macho yangu barabarani akila viazi karai, midomo imejaa ukwaju. Thomu kwake haikuwa habari.

Wazee wakaketi. Sahani za chuma zikapangwa, vibakuli ndani ya sahani, na watu wakaanza kula kwa utulivu ule wao. Mimi kazi yangu ilikuwa kupeleka puri zikiwa bado zimevimba. Nikapita kwenye karo kuchukua sinia la pili, na mikebe ilikuwa pale, inangoja kuoshwa.

Mkebe usio na uzi ulikuwa umejaa hadi ukingoni.

Nilisimama pale na puri zikinywea mikononi mwangu, moja baada ya nyingine, pfff, kama zinapumua. Naikumbuka karo, ilikuwa na ufa uliotoka kwenye bomba. Naukumbuka ule uzi mwekundu, umelowa, umejiviringa pembeni ya mkebe mtupu. Nikageuka. Ba alikuwa wa tatu kutoka mwisho, sari nyeupe, miwani imeteremka puani. Alikuwa amekata kipande cha puri, amekikunja kama mtu anayekunja barua, amechotea ndizi na njegere kidogo, mchuzi unang'aa. Mkono ukapanda. Nilikuwa na muda. Hili ndilo ambalo kwa miaka yote hii najaribu kulipima upya: ulikuwa muda wa kusema neno moja, "Ba." Jina lenyewe silabi moja. Mdomo wangu mkavu wa saumu ukafunguka, na nyuma yangu Ami akasema, "Puri zinapoa, kijana," na mkono wa Ba ukafika mdomoni.

Akatafuna. Akatua. Akatazama jikoni juu ya miwani, akasema kwa Kiswahili chake cha kuzaliwa Mombasa, "Fundi! Leo hing imekolea."

"Ahsante, Ba," Ami akajibu, amefurahi.

Nikapeleka puri. Nilimpa tano.

Jua likaenda. Wazee wakasukutua vinywa, wakanywa maji ya mwisho, wakafumba mikono. Kisha adhana ikaanza msikiti mmoja, ikadakwa na wa pili, na Ba tayari alikuwa mlangoni kwa jikoni, amebeba mkebe wa tende kwa mikono miwili. Kila Ramadhani shughuli ikiwa kwake alikuwa akifanya hivyo, hatumi mtu. "Fungueni, fungueni, jua limekwenda." Akampa Ami, akawapa vijana wa kuni, akanijia mimi. Alinitilia tende tatu kiganjani, kiganja kile kile, akanifumba vidole kama mtoto asije akaziangusha. Nikafuturu.

Walio wengi wakala saa mbili, fataki zikalia, yakaisha.

Nilimwambia Ami njiani, tukirudi kwa miguu. Sikumpamba maneno. Alinyamaza kutoka Ganjoni mpaka Kibokoni. Kwenye mlango wa nyumba akauliza kitu kimoja: "Ulijua kabla hajala, au baada?" Nikasema kabla. Akaingia ndani.

Kesho yake, mwaka mpya wao, alikwenda peke yake kuwapa mkono. Alirudi na sanduku la mithai, akaliweka mezani, akaenda kulala. Sikuthubutu kuuliza kama amesema. Shangazi alizila zile ladu akazisifia mpaka Idi. Kwangu hazikupita.

Mwezi wa tisa mwaka uliofuata tulipika tena kwake, chakula cha mwisho wa Paryushan, zile siku zao nane za mfungo na toba. Siku hizo zikiisha, Mjaini humzungukia kila mtu anayemjua na kumwomba radhi. Ba alikuja jikoni. Alianza kwa Ami, akasimama mbele yangu, mikono ameifumba kifuani: "Micchami Dukkadam." Ami alikuwa ameshanifasiria: nisamehe kama nimekukosea, kwa kujua au kwa kutojua. Mama wa miaka sabini na kitu ananiomba msamaha mimi, mikono yangu ina unga wa dengu mpaka viwikoni. Mlango ulikuwa wazi wote. Nikasema, "Tumesamehe, Ba." Hivyo tu. Wakati mwingine najiambia nilikuwa mtoto. Sikuwa mtoto, nilikuwa na miaka kumi na tisa na kitambulisho.

Halafu Diwali ya 2005, tarehe 1 Novemba, Jumanne, na Ramadhani tena. Nilikuwa nimenunua mikebe mipya ya rangi mbili, nimeandika daftari upya, chokaa nimeichora pana kama barabara. Asubuhi, kabla sijavuta kinu, Ba akashuka uani. Hakutazama daftari wala chokaa. Alikuwa ameshika mkebe, na nikaujua: ule ule wa tende, ameuosha, ndani pilipili mbichi aliyoitwanga kwa mkono wake, mbichi mbichi, ya kijani, haina kitu kingine.

"Hii ya wazee," akaniambia, akaniwekea mikononi, akanifumba vidole. Kisha akapanda ngazi, pole pole, ameshika ukuta.

Nilimtazama Ami. Ami alikuwa anachochea moto.