Jibu la Shilingi 2,200

Mwezi uliopita nilimkosesha msichana mmoja wa Gredi ya 5 hesabu ambayo hakuikosea, na jambo hilo limenikaa moyoni tangu siku hiyo. Swali lenyewe lilikuwa jepesi: ikiwa gorogoro (mkebe wa kupimia) moja ya omena, wale dagaa wa Ziwa Viktoria, huuzwa shilingi 200, gorogoro 12 zitauzwa pesa ngapi? Mwongozo wangu wa kusahihisha ulisema 2,400. Yeye alikuwa ameandika 2,200, nami nikamtilia alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, nikafungua daftari la mwingine.

Wakati wa mapumziko alinijia mezani akiwa amelishika daftari kwa mikono miwili. "Mwalimu, mama yangu anauza omena sokoni Kibuye. Mtu akinunua kumi na mbili, moja haihesabiwi, kwa sababu huyo anaenda kuuza tena." Kisha akaniambia kwamba hata hiyo 200 haidumu, kwani mbalamwezi ikiwaka bei hupanda.

Hilo la mbalamwezi ni kweli tupu. Omena huvuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa samaki hao huufuata mwanga. Mwezi mpevu unapoangaza ziwa lote, taa za wavuvi hazivuti samaki kama katika usiku wa giza, mavuno hupungua na sokoni bei inabadilika. Mtoto wa miaka kumi alikuwa ameunganisha sayansi, biashara na hesabu kwa maneno machache, na malipo yake kutoka kwangu yakawa alama nyekundu. Nilimwomba radhi mbele ya darasa zima.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka wa 2019 ili kuchukua nafasi ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 wa tangu 1985, unataja ubunifu na kufikiri kwa kina miongoni mwa umilisi wake saba wa kimsingi. Naliunga mkono lengo hilo kwa dhati. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wetu tumeuona ubunifu kuwa ni vifaa: mzazi wa mtaa wa Manyatta au Nyalenda hapa Kisumu anatoka kazini amechoka, anakimbilia saiba (duka la kompyuta) kuchapisha picha za rangi, kisha anakesha akigundisha katoni ambayo mwanawe ataileta shuleni kesho yake bila kuweza kueleza imetengenezwaje. Mzazi ndiye aliyebuni, na gharama ni yake pia.

Vilevile hofu ya alama haijatutoka. Kwa wanafunzi wa kwanza kuingia Gredi ya 10, mnamo 2026, matokeo ya tathmini ya Gredi ya 6 yalihesabiwa asilimia 20 ya alama za kuwapangia shule, ya shuleni katika Gredi za 7 na 8 asilimia 20, na ya Gredi ya 9 asilimia 60. Mwalimu anayejua hayo, akiwa na watoto sitini mbele yake, hushawishika kuwakaririsha majibu, na simlaumu.

Hata hivyo, kuna jambo lisilohitaji hata shilingi moja. Katika miaka ya 1970, mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alionyesha kwamba walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri tatu au zaidi, wanafunzi hutoa majibu marefu zaidi na yenye sababu. Nimelijaribu darasani mwangu. Nauliza, nahesabu kimoyomoyo hadi tano, na kimya hicho kinaniwia kigumu kuliko nilivyodhani. Kisha kila mtoto anamweleza mwenzake wa dawati jibu lake kabla ya mmoja kusimama. Jibu likitoka, liwe sahihi au la, nauliza: umejuaje?

Juma lililopita niliwatuma wakaulize nyumbani bei ya gorogoro moja ya omena. Walirudi na bei nne tofauti. Mvulana mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi wa ufuo wa Dunga, alikataa katakata kwamba mwezi ndio chanzo pekee, akasema mvua nayo huzuia omena kukauka, na omena mbichi haikai. Wenzake wawili walimpinga, kipindi kikaisha kabla hawajaafikiana. Tumeziandika bei zote nne ubaoni, na tumekubaliana kuuliza tena usiku wa giza utakapofika.