Ukingo niliokataa kuujengea ukuta

Nilipokabidhiwa kusanifu bustani ya umma kando ya mto unaopandwa na maji ya bahari, ushauri wa kwanza niliopewa, tena na watu walionizidi uzoefu, ulikuwa nijenge ukuta wima wa zege na nyuma yake nipande nyasi. Ushauri huo unanikera hadi leo. Ukuta wima haumalizi nguvu ya wimbi bali huirudisha, na wimbi linaporudi huchimba tope chini ya msingi wa ukuta huohuo. Mimi nilitaka mteremko wenye mawe makubwa chini na majani yanayostahimili chumvi juu yake, ili maji yapande, yachoke, kisha yashuke.

Nilikubaliwa, na jaribio la kwanza likaharibika mikononi mwangu. Nilichukua vimo vya maji kutoka kwenye michoro ya mradi, nikapanda miche ya aina moja kwa nafasi sawa kwenye mteremko mzima. Baada ya bamvua la pili, yaani maji makuu ya bahari yanayopanda juu kuliko kawaida, safu za chini zilikuwa zimeng'oka na mizizi yake, na zile za juu zilikuwa zimekauka kwa kuwa maji hayakuwa yakizifikia. Katikati palibaki utepe wa kijani usiozidi upana wa hatua mbili. Nilipiga magoti kwenye tope nikautazama kwa muda mrefu, kwa sababu utepe ule ndio uliokuwa kipimo sahihi cha maji, kuliko mchoro wowote niliokuwa nao.

Hapo ndipo nilipotengeneza vipimo vyangu. Nilichukua mabomba ya plastiki angavu, nikayatoboa matundu madogo karibu na chini ili maji yaingie bila kuyumba, na tundu moja juu la kupitisha hewa. Ndani ya kila bomba nilisimamisha ufito mkavu, kisha nikatia unga wa vizibo vya chupa niliousaga kwa tupa jioni nzima. Maji yanapopanda, unga huelea nayo. Yanaposhuka, chembe zake hubaki zimegandamana na ufito kwenye kimo cha juu kabisa yalikofika, hata kama yalifika usiku wa manane. Asubuhi nilichomoa ufito, nikasoma, nikaufuta na kuurudisha. Mabomba yote kwa pamoja hayakugharimu hata sehemu ndogo ya gari moja la zege. Nilisoma bamvua na maji mafu, yaani yale yanayopanda kidogo tu, kwa miezi kadhaa, na nikagundua kwamba mawimbi ya boti hupandisha maji zaidi upande wa nje wa kona, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitaja.

Walionihimiza niharakishe niliwaeleza habari za bustani ya Bishan-Ang Mo Kio ya Singapore, ambako mfereji wa zege wa mto Kallang, wenye urefu wa kilomita 2.7, uligeuzwa kuwa mto unaojipinda wa kilomita 3, kazi iliyokamilika mwaka 2012. Kabla ya kuugusa mto wenyewe, walijaribu mbinu 10 za kushikilia kingo kwa mimea kwenye kipande cha mita 60 tu.

Safari ya pili nilipanda kwa vimo nilivyovisoma, kila aina mahali pake, na kwenye ile kona nikalaza magunia marefu ya makumbi yaliyofungwa kwa vigingi, yashike udongo hadi mizizi ikomae. Pia usisahau kuuliza mapema kama kuna lango la maji linalopangwa kujengwa upande wa bahari. Msanifu wa bustani Frederick Law Olmsted aliunda kinamasi cha majani ya chumvi katika bustani ya Back Bay Fens huko Boston, Marekani, lakini ukuta wa bwawa la mto Charles ulipozuia maji ya bahari mwaka 1910, mimea ile ilikufa.

Dhoruba ya kwanza kubwa ilipokuja, maji yalifika chini ya mabenchi. Kesho yake vijia vilikuwa na tope na matawi, ila majani yalikuwa yamelala kuelekea nchi kavu, mizizi ikiwa imara, na kufikia kupwa kwa jioni yalikuwa yameanza kuinuka. Nilichomoa ufito wa bomba la kona: mstari wa vizibo ulikuwa juu kuliko yote niliyowahi kusoma.