Nilivyookoa migomba ya mama kwa kukata shina moja moja

Mwezi wa tisa mwaka 2016 mama alinipigia simu kutoka Katana, kijijini kwetu Kivu Kusini. Hata salamu hazikuisha. "Mwanangu, ndizi zinaivia mtini kabla hazijajaa. Njoo uone." Kesho yake asubuhi nilitoka Kadutu, mjini Bukavu, nikapanda gari la kuelekea Kavumu, nikaunganisha mpaka nyumbani.

Nilichuma kidole kimoja cha ndizi, nikakipasua. Ndani palikuwa na madoa ya rangi ya kutu. Nikakata shina, tukasubiri. Dakika chache tu, pale nilipokata pakaanza kuchuruzika ute wa manjano, mzito kama usaha. Mama alijiziba mdomo kwa kitenge. Wote wawili tulishajua, maana shamba la jirani wa juu lilikuwa limekwisha kuugua: ni mnyauko wa migomba, ule ambao wenzetu wa Rwanda wanauita kirabiranya. Uliripotiwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana Kongo mwaka 2001 kule Masisi, Kivu Kaskazini, na tangu hapo umekuwa ukitembea kutoka shamba hadi shamba. Ni bakteria. Hakuna dawa ya kupulizia inayoutibu.

Sisi wa mjini tukitaja chakula tunawaza bugali, wa muhogo au wa mahindi. Lakini mahindi yana msimu wake, na ghala likiisha limeisha. Mgomba hauna msimu. Mama hukata mkungu mwezi wowote: wa kupika unaingia chunguni na maharagwe yaliyolimwa chini ya migomba hiyohiyo, kamaramasenge, zile ndizi ndogo tamu, wanakula watoto, nyingine zinakamuliwa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Kasiksi ndiyo iliyonilipia minervali, karo ya shule, mpaka nikamaliza shule. Kwa hiyo sikuliona lile shamba kama mali ya kuuza tu. Lilikuwa akiba yetu.

Agronomu aliyepita alitushauri tung'oe kila kisiki chenye ugonjwa, yaani tunguu na mizizi yake, pamoja na watoto wake wote, yale machipukizi ya pembeni, tuvizike. Tulijaribu kimoja. Watu wawili na majembe, kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi, mikono malengelenge. Mama akaketi juu ya udongo, akaniuliza, "Tukivimaliza vyote, nitakula nini mpaka vipya vizae?" Chipukizi likipandwa leo huchukua zaidi ya mwaka kabla ya kutoa mkungu. Sikuwa na jibu la kumpa. Jirani yule alikuwa ameng'oa yote, na msimu ule alinunua chakula sokoni kila siku kama mtu asiye na shamba.

Rafiki yangu aliyesomea kilimo ndiye aliyenieleza njia nyingine, iliyojaribiwa na watafiti hapahapa Kivu Kusini. Usiguse kisiki. Kata lile shina linaloumwa peke yake, chini kabisa usawa wa udongo, halafu uwaache watoto wake. Bakteria haifiki kwa haraka kwenye machipukizi yote, na mengi yanaweza kukua mpaka kuzaa. Ila kuna sharti: urudi kila wiki, bila kuruka hata moja. Ukilala mwezi mzima, ugonjwa unakushinda.

Nilikubali. Kila Jumamosi nilikuwa Katana.

Kazi kubwa haikuwa kukata, ilikuwa panga. Panga lililokata shina gonjwa likigusa zima, umeupanda ugonjwa kwa mkono wako. Basi tulikuwa tunazunguka shambani na mbabula, jiko kuukuu lenye makaa, mtoto wa dada yangu akilibeba kwa waya. Baada ya kila shina nililaza panga juu ya moto, nikaligeuza upande wa pili, nikangoja mpaka chuma kipate joto la kutoguswa. Utomvu uliogandia ulitoa moshi wenye harufu kali. Siku makaa yalipopungua tulitumia javeli, dawa ya maji ya kuulia vijidudu. Na lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu tuliling'oa kwa ufito wenye panda mara tu chana ya mwisho ilipotokea, bila kuligusa kwa chuma. Wadudu hufuata utamu wa ua hilo na kubeba ugonjwa kutoka mgomba mmoja hadi mwingine.

Mwezi wa kwanza wa kazi hiyo nilikata mashina 31. Wa pili 19. Nilikuwa naandika kwenye daftari la shule, na nakiri kwamba wiki ya sita nilikaribia kuacha, nauli ilikuwa inanimaliza. Mwezi wa tano yalikuwa manne. Baadaye zikaja wiki nzima bila hata moja.

Ugomvi ulitoka kwa wanunuzi. Wao huja na mapanga yao, wanakata mikungu kwa huyu, wanaingia kwa yule. Nilimwambia mmoja aache panga lake mpakani, atumie la kwetu. Akakasirika: "Yaani mimi ni mchawi wa migomba yenu?" Mama ndiye aliyemtuliza. "Hapana, baba. Hata mwanangu nampitishia panga lake motoni." Akacheka, akaliacha. Leo ananikumbusha yeye mwenyewe kama moto haujawashwa.

Februari 2025 vita vilipofika Bukavu na benki zikafungwa, mshahara wangu ulikaa huko ndani nisiuone. Tulikuwa watu tisa nyumbani. Njia ilipopitika, mama alituma mikungu mitatu na kidumu cha kasiksi ya kuuza. Kwenye kikonyo cha kila mkungu niliona alama nyeusi ya moshi, pale panga lilipopita likiwa bado na moto.