Wembe au uzi

Jumatano nimeulizwa swali, nikalijibu, na mpaka leo Jumamosi bado nalijibu. Nalijibu nikiosha vyombo, nalijibu ndani ya daladala ya Igoma. Jana usiku Baba Watoto ananisimulia mambo ya kazini kwake, namwitikia "eeh, eeh", kumbe mwenzake niko dirishani kwangu soko la Mwaloni, Mwanza, najibu upya kwa namna nyingine kabisa.

Ilikuwa jioni, tunafunga hesabu. Akaja mama mmoja wa visiwani kulipia stoo ya magunia yake ya dagaa. Dirisha langu mnalijua: nondo, mashine ya risiti mkono wa kulia, na kalamu niliyoifunga kamba kwa sababu wateja wangu hawana aibu. Nikamwamkia, akaitikia, akachomoa noti kwenye pindo la kitenge akanipitishia. Nikainama kuhesabu. Nilipoinua uso, nikamkuta anatazama kidevu changu. Hakukwepesha macho.

"Mwanangu, unatumia wembe au uzi?"

"Wembe."

"Unapandisha au unashusha?"

"Napandisha."

"Shusha. Ukipandisha zinageukia ndani. Haya, nipe risiti yangu, boti itaniacha."

Nikampa risiti. Akaikunja, akaitia pale pale kwenye pindo, akaondoka. Ndiyo hayo tu.

Wiki hii tumemzika jirani yetu wa kule juu mlimani, bosi katangaza kwamba mwakani stoo inahamia Igombe, na tumeenda Sengerema kwenye kikao cha harusi na kurudi siku hiyo hiyo, maana siku hizi Busisi tunavuka juu ya daraja, hakuna cha kusubiri pantoni. Yote hayo ningeweza kuyaandika. Lakini nikishika simu, vidole vinakwenda kwa yule mama.

Kilichonichoma kwanza ni kwamba nilikuwa nimenyoa asubuhi ile ile. Nilinyoa kwa taa ya simu, kabla nyumba haijaamka, kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikapaka poda. Huwa naamini ile poda inanisitiri mpaka nifike nyumbani. Kumbe saa kumi na moja jioni mtu aliyesimama nyuma ya nondo, kwenye mwanga hafifu, anaona vizuri kiasi cha kuuliza kifaa. Na kuna kuli alikuwa ameegemea mzani pembeni. Alisikia? Alhamisi nzima nilimchunguza. Akanisalimia kama kawaida, akaomba kalamu, akaondoka nayo na kamba yake.

Wapya humu nawapa kwa kifupi, wakongwe mruke. Nina ile hali ya ovari kuwa na vifuko vingi vidogo na homoni za kiume kuzidi kiwango, siku zangu zinakuja zinapotaka, na ndevu zilianza kidevuni nikiwa chuo. Daktari aliyenielewesha alinipima kwa karatasi yenye michoro: sehemu 9 za mwili, kuanzia juu ya mdomo mpaka mapajani, kila sehemu inapewa alama kuanzia sifuri hadi 4, kisha anajumlisha. Kwa kawaida ukifika 8 wanahesabu kwamba una nywele za kuzidi. Mimi nilifaulu kwa kishindo. Sijawahi kulia kwa kufaulu mtihani isipokuwa huo. Aliniambia pia kwamba takriban mwanamke mmoja katika kila kumi walio kwenye umri wa kuzaa ana hali hii, na wengi wao hawajui. Tangu hapo nikipanda daladala nahesabu wanawake, nikifika kumi nasema moyoni, haya, mwenzangu ni nani?

Uzi nimeshaujaribu, ile saluni ya karibu na Makoroboi. Dada mkono wake ni mwepesi na nyusi ananitinda vizuri mno, lakini kidevuni uzi unang'oa kutoka shinani, na nywele zetu hizi za kujisokota zikianza kuota tena zinapinda kabla hazijatoka nje ya ngozi. Hapo ndipo vipele vinapoanzia. Kuna mmoja chini ya taya la kushoto namjua kwa tabia zake: kwanza anawasha, halafu anavimba, halafu unauona unywele kwa ndani umejikunja chini ya ngozi, mweusi, na kibano hakiufikii. Ukimchokonoa anakuachia doa ambalo litakaa kuliko yeye mwenyewe. Waksi ni hadithi hiyo hiyo na maumivu juu yake. Dawa ya kunyolea ya unga inanuka vibaya na iliniunguza juu ya mdomo, nikaenda kazini na barakoa kama tuko 2020.

Kwa hiyo nimebaki na wembe, na wembe una kesi yake. Shangazi wa Magu aliponikuta nanyoa alishika kichwa: "Utazizidisha! Zitakuwa za mwanaume!" Nilimweleza kwamba wembe unakata kilicho juu tu, mzizi hauna habari; unywele ukikatwa katikati unabaki na ncha butu, ndiyo maana ukirudi unahisi mgumu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, halafu akarudia: zitakuwa za mwanaume. Ni shangazi huyo huyo anayesema mwanamke mwenye ndevu ana nyota ya pesa. Pesa kweli nazishika kutwa nzima, za watu.

Wifi wa Dar ananisukuma nikafanyiwe leza. Kanitumia picha za kabla na baada, mwanamke mweupe pee. Nikamwambia wifi, leza inafuata weusi wa unywele, na ngozi yangu nayo ni nyeusi, usipopata mashine inayofaa inakuchoma ngozi badala ya mzizi. Inayotajwa kuwa salama zaidi kwetu ni ya Nd:YAG, mwanga wake una urefu wa mawimbi wa nanomita 1064, unapita ngozi ya juu bila kuing'ang'ania na kwenda chini zaidi. Hata hiyo unarudi kila baada ya wiki kadhaa, mara nyingi tu, kwa sababu inazipata zile zinazokua wakati huo na si zilizolala. Na mwenye homoni kama zangu zinaweza kuamka nyingine baadaye. Wifi akajibu kwa kikaragosi kinachokunja uso. Ya umeme, ile wanayoingiza sindano kwenye kila tundu la unywele, haijali rangi ya ngozi wala ya unywele, hata mvi inaziua. Ilianza Marekani mwaka 1875, kwa daktari wa macho aliyekuwa anang'oa kope zinazoota kuelekea ndani ya jicho. Ila inakwenda unywele mmoja mmoja. Mimi kwa kidevu hiki ningehamia huko na godoro.

Ya kunichekesha zaidi ni krimu. Kuna krimu ya kupaka usoni mara mbili kwa siku, Marekani waliiruhusu mwaka 2000, inapunguza kasi ya nywele kuota. Haiziondoi, unaendelea kunyoa, na ukiiacha, ndani ya wiki kama nane zimerudi mwendo wake wa zamani. Dawa iliyo ndani yake inaitwa eflornithini, na kabla ya kupakwa usoni ilikuwa dawa ya malale. Malale! Ugonjwa uliomaliza watu zaidi ya 200,000 ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, mpaka serikali ikawahamisha watu mwambaoni. Dawa yenyewe ilikuja baadaye sana na inatibu malale ya Afrika Magharibi na Kati, hii yetu ya mashariki haiiwezi. Lakini ilifika wakati ilikuwa karibu kukosa mtengenezaji kwa sababu wagonjwa ni maskini, halafu ikaonekana inafaa kwa ndevu za wanawake wenye pesa. Nilipoisoma habari hiyo nilikasirika, na hapo hapo nikatafuta bei yake. Bei ikanituliza hamu.

Kwa sasa nameza vidonge. Kimoja ni cha uzazi wa mpango, ndicho kinachoshika siku zangu. Kingine daktari aliniongezea, ni cha kukojosha maji, wengine wanapewa kwa ajili ya presha na moyo, kwangu kinazuia homoni ya kiume isifanye kazi kwenye shina la unywele. Alinikataza katakata kushika mimba nikiwa nakimeza, kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Akasema nisihukumu kabla ya miezi sita, na kwamba unywele uliokwishakuwa mgumu haurudi kuwa malaika kwa kidonge pekee, lazima ushughulikiwe wenyewe. Kwa hiyo kila asubuhi mimi na Mama tunakaa mezani kila mtu na kidonge chake, ananiambia pole, presha katika umri huu. Sijamsahihisha. Mama akijua, Magu inajua, na kikao cha harusi kinajua.

Narudi kwa yule mama. Alhamisi jioni hasira ilikuwa bado ipo, nikawa nimeshatunga majibu matatu makali. "Mama, nikupe na namba ya kinyozi wangu?" Hilo ndilo nililipenda. Halafu usiku, niko bafuni nasugua miguu, nikaisikia tena sauti yake, na safari hii nikasikia jinsi alivyouliza. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza unafulia sabuni gani. Hakuna pole, hakuna mshangao, hakuna "jamani, mbona". Na mimi nilimjibu vilevile! Mimi ambaye nimewahi kumkimbia fundi wa nyusi kwa sababu aliuliza "na huku chini nikuguse?" Nilijibu wembe, nikajibu napandisha, mkono ukiwa bado juu ya noti. Nikacheka peke yangu mpaka Baba Watoto akagonga mlango kuuliza kama nimeteleza.

Halafu nikafikiri jambo ambalo nashangaa halikunijia Jumatano. Anayejua tofauti ya kupandisha na kushusha kidevuni amejifunzia wapi? Sikumwangalia. Yeye alinitazama wazi kabisa, mimi nilimwona pindo, noti na mkono wenye magamba ya dagaa. Kidevu chake kilikuwa na nini, sijui. Mtandio ulifungwa juu au ulishuka mpaka shingoni, sijui.

Leo asubuhi nimeshusha. Wembe mpya, maji moto kidogo, kuelekea zinakoota. Haitoi ulaini uleule, ukipitisha kidole dhidi ya mwelekeo unakwaruza. Lakini pale chini ya taya la kushoto hapajawasha mpaka sasa naandika, na kwa kawaida saa hizi huwa najikuna.

Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo atarudi giza likirudi, kama wenzake wote. Sijui nitamwambia nini. Labda nitamuuliza yeye anapaka nini baada ya kunyoa.

Sasa niwaache, maana maji yamekatika tangu jana mtaa mzima, ziwa tunaliona kwa macho kutoka barazani. Kesho alfajiri ni zamu yangu kumpeleka Mama kliniki, lazima aoge, na mtungi uliobaki umejaa nusu. Kijana wa mkokoteni amesema atakuja saa mbili. Sasa ni saa tatu na robo na simu yake haipatikani.