Dakika mbili za Sakura

Desemba 2016 nilirudi Tanga likizo, nikiwa mwaka wa pili wa uuguzi. Mchana nyumbani hakukuwa na jipya, kwa hiyo nilikuwa nikienda kushinda saluni kwa kaka, Ngamiani. Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha kinyozi, viti viwili vya kunyolea, benchi la wateja na runinga ukutani. Jioni runinga ile ilikuwa ya mpira. Mchana ilikuwa ya Naruto, katuni ya Kijapani ya ninja, kutoka kwenye flashi iliyopita mikono mingi kiasi kwamba kifuniko chake kilishapotea na kaka alikuwa akiifunga kwa nailoni.

Nusu ya waliokaa pale hawakuja kunyoa. Walikuja kubishana. Umeme ukiwepo wanabishana juu ya wanachokiona, ukikatika wanabishana juu ya walichokiona. Sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya kijana mmoja wa bodaboda ambaye alijifunga kitambaa mdomoni na puani kwa ajili ya vumbi, wakamwita Kakashi, kama yule mwalimu wa Naruto anayefunika uso. Jina lilimkaa hadi mama yake mzazi akawa anampigia kaka simu kuuliza kama Kakashi yupo.

Siku hiyo tulikuwa tumefika kwenye vita kuu ya Shippuden, sehemu ya pili ya katuni hiyo. Sakura, msichana wa Timu ya 7 pamoja na Naruto na Sasuke, alipotokea tu, Kakashi akaguna.

"Huyu mzigo. Mtoe Sakura pale, weka gunia la mchele, Timu ya 7 inabaki vilevile."

Saluni nzima ikacheka, na aliyekuwa ananyolewa akatikisika hadi kaka akamshika kichwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeisikia kauli hiyo, au ndugu yake, tangu niko sekondari, na sikuwahi kuijibu kwa sababu wasichana tuliokuwa tukitazama katuni zile tulikuwa wachache na tulishazoea kukaa kimya.

"Kaka Kakashi," nikamwambia, "ule msitu wa mtihani wa kupanda cheo kuwa chunin, Naruto na Sasuke wamezirai wote wawili, nani alikesha akiwalinda? Gunia?"

Akasema Sakura alilia tu. Si kweli. Yule binti wa kijiji cha Sauti alimshika nywele, zile nywele alizozifuga kwa kusikia Sasuke anapenda ndefu, Sakura akazikata mwenyewe kwa kunai, kisu cha ninja, ili ajinasue. Kisha akamng'ata Zaku, mwenzake yule binti, mkononi, na Zaku anampiga kichwani tena na tena, haachii. Nilimkumbusha pia mazoezi ya kupanda mti kwa miguu: wa kwanza kufika juu, tena mara ya kwanza tu, alikuwa Sakura, huku hao mashujaa wawili wakianguka chini kama maembe.

"Ndiyo, lakini nguvu hana."

Hapo ndipo waliponikera hasa. Naruto ni mtoto wa Hokage wa Nne, yaani mkuu wa kijiji, na ana Kurama, mnyama mwenye nguvu kubwa, tumboni. Sasuke ana macho yenye nguvu ya ukoo wa Uchiha. Sakura wazazi wake ni wa kawaida, hana jicho wala mnyama. Alichokuwa nacho ni kujua kuipima chakra yake, ile nguvu ya ndani ya ninja, hadi tone la mwisho, na alikwenda mwenyewe kwa Tsunade, bingwa wa tiba, kuomba afundishwe. Rock Lee, ninja mwingine, naye alianza bila kipaji na wote mle saluni walikuwa wakimpigia makofi. Nikawauliza tofauti ni nini, kaka akajifanya anatafuta brashi.

Sikutetea kila kitu. Ile siku alipomdanganya Naruto kwamba anampenda, kwenye theluji, hata mimi niliona aibu kwa niaba yake. Na Masashi Kishimoto, aliyemchora, mara nyingi alimwacha kando wenzake wakipigana. Lakini Kankuro, ninja wa kijiji cha Suna, alipolala na sumu ya adui Sasori mwilini, hata bibi Chiyo, gwiji wa sumu, hakuweza kumsaidia. Sakura alifika, akaanza kuivuta sumu kwa maji kupitia jerahani, polepole, kisha akachuma mimea na kutengeneza dawa yake. Halafu akaenda kupigana na huyohuyo Sasori. Watu wanakumbuka ngumi iliyopasua kikaragosi cha Sasori. Mimi nakumbuka mimea.

Nilikuwa bado naongea pale runinga iliponinyamazisha. Naruto ametolewa Kurama, moyo unasimama. Sakura yuko juu ya mchanga unaoruka wa mwenzao Gaara, anapasua ubavu wa Naruto, anaingiza mkono na kuuminya moyo kwa kiganja, huku anampulizia pumzi mdomoni.

"Si anabonyeza tu," akasema Kakashi.

Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mdoli wa mazoezi chuoni. Viganja viwili, kimoja juu ya kingine, viwiko vimenyooka, kifua kishuke sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila dakika 2 mnabadilishana, kwa sababu mikono ikichoka inakudanganya: wewe unadhani unabonyeza, kumbe unapapasa.

Nikavuta mto wa benchi, nikauweka sakafuni juu ya nywele za wateja. "Haya, bonyeza tu. Dakika 2."

Akavua kitambaa. Kaka akawasha saa ya simu, wengine wakahesabu kwa sauti. Sekunde 30 za kwanza alikuwa anatutazama anacheka. Kufika dakika moja alikuwa ameacha kututazama. Viwiko vikaanza kukunjika, nikawa nampigia kelele anyooshe. Jasho lilimtiririka puani likadondokea kwenye mto. Dakika moja na nusu mto haukuwa unashuka tena, anauchezea tu, na mzee mmoja aliyekuja kunyoa ndevu akasema kwa upole, "Kijana, mgonjwa wako ameshakufa."

Kakashi akakaa chini palepale, miguu ameinyoosha, anahema.

"Na huo ni mto," nikasema. "Hauna mbavu. Na hakuna vita."

Kaka akamletea maji. Akanywa yote, akafuta uso kwa kile kitambaa.

"Sawa, nesi. Gunia la mchele nalifuta." Akatulia kidogo. "Lakini niambie kitu kimoja. Huyo Sasuke alitaka kumuua Sakura kabisa, na bado Sakura anampenda. Hilo nalo mlifundishwa chuoni?"

Wakanigeukia wote, hadi mzee wa ndevu. Nikamwomba kaka arudishe nyuma kidogo, eti sehemu ya Gaara sikuiona vizuri.