Weupe wa Jicho la Kulia

Jumapili iliyopita binti yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni akinitazama nikikata vitunguu, na alipoona machozi yananitiririka mashavu yote mawili akauliza kwa mshangao wa kweli: "Baba, kumbe na lile la plastiki nalo linawashwa?" Nilimweleza kwamba tezi ya machozi haimo ndani ya jicho, bali imejificha juu yake, chini ya mfupa wa nyusi, na kwamba daktari aliyeliondoa jicho hakuigusa, ndiyo maana upande ule unalia kama kawaida ingawa hauoni chochote. Aliridhika, akaenda zake kucheza, akaniacha namkumbuka mama yangu akibishana na fundi kuhusu rangi.

Habari ya ajali yenyewe si ndefu. Kipande cha chuma kiliruka kutoka kwenye grenda kikalipasua jicho, na walipolichunguza hospitalini hawakuona namna ya kuurudisha uoni. Nililolipinga mimi ni kuliondoa, kwa kuwa niliona heri jicho bovu kuliko shimo. Daktari, mwanamke mtaratibu aliyevuta kiti akaketi kando ya kitanda, hakunishurutisha. Alinisimulia habari za Louis Braille, yule Mfaransa aliyebuni maandishi ya nukta nundu, ambaye mwaka 1812, akiwa mtoto wa miaka mitatu, alijichoma jicho moja kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake, fundi wa matandiko ya farasi, na alipofikisha miaka mitano akawa haoni kwa macho yote mawili. Akaniambia kwamba hutokea, ingawa ni kwa nadra, jicho lililopasuka likaiamsha kinga ya mwili hata ikalishambulia na lile zima. Nilitia saini. Asubuhi ya upasuaji nesi alinichorea mshale wa wino juu ya nyusi ya kulia, akanitaka nitamke mwenyewe ni jicho gani linaloondolewa, kisha nikapewa nusu kaputi.

Kabla ya hapo nilidhani jicho la bandia ni kitu kimoja. Kumbe ni viwili. Cha kwanza ni tufe la akriliki, kubwa kidogo kuliko gololi, ambalo lililazwa mahali jicho lilipokuwa, likashonewa misuli iliyokuwa ikiligeuza jicho, na kufunikwa kwa utando wa mwili wangu mwenyewe, kwa hiyo halionekani wala halitoki. Cha pili ni ganda lenye rangi linalovaliwa mbele yake, chini ya kope, ambalo huvuliwa likaoshwa. Misuli ikilivuta tufe, ganda nalo husogea, si sana, lakini kiasi cha kumfanya mgeni asishtuke. Ganda hilo halipatikani siku ile ile. Hungojewa wiki kadhaa mpaka uvimbe uishe, na katika muda huo huvaa kifuniko kisicho na rangi ili nafasi isizibe.

Fundi aliyenitengenezea alianzia kwenye meno ya bandia, na hakuona ajabu yoyote katika hilo. Alisema kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili, macho ya kioo kutoka Ujerumani yalipoadimika Marekani, mafundi wa meno wa jeshi la huko ndio waliogeukia akriliki waliyozoea kuifinyanga kwa ajili ya fizi, na kwamba yeye alikuwa anafuata nyayo zao tu. Hata uji mzito aliomimina kwenye tundu la jicho langu kuchukua umbo lake ulikuwa wa aina ile ile inayochukulia vipimo vya meno.

Siku ya kupaka rangi alinikalisha mbele ya dirisha, kwa sababu hakuamini mwanga wa taa. Mama alikuwa amekaa nyuma yangu, mkoba mapajani. Fundi alisogeza uso wake karibu mno na wangu, nikasikia harufu ya chai ya tangawizi, akalitazama jicho langu la kushoto kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akachukua brashi yenye nywele chache na kuanza: mduara mweusi wa nje, kahawia iliyokolea, kahawia nyepesi kuelekea kwenye mboni. Kila mara alidondoshea tone la maji juu ya rangi ili aone itakavyokuwa ikifunikwa kwa akriliki angavu. Alichambua uzi mwekundu wa hariri mpaka ukawa kama hakuna, akaulaza kwenye weupe uwe mishipa ya damu. Kisha akachanganya umanjano na udongo kidogo, akaanza kuupaka weupe wenyewe.

"Fundi, mwanangu," Mama akasema, "mbona sasa unalichafua?"

"Silichafui, Mama. La kushoto limepigwa jua na vumbi miaka mingi. Hili likibaki jeupe, kila mtu atajua."

"Nilipomzaa yalikuwa meupe pe, yote mawili. Wewe hukuyaona."

Fundi aliweka brashi chini. Wote wawili walinitazama, sijui kama walingoja niamue, nami nikanyamaza, kwa kuwa niliona kwamba jicho lile halikuwa likitengenezwa kwa ajili yangu hasa. Mimi sitalitumia kutazama kitu. Ni la wanaokaa mbele yangu, na kati ya watu hao Mama ndiye aliyetangulia. Au pengine nilikuwa nimechoka tu. Mwishowe fundi alichukua kitambaa akafuta umanjano upande wa karibu na pua, akauacha upande wa sikio, na Mama akakubali kwa kuguna.

Siku hizi, nikienda kusafishiwa ganda na kung'arishwa, huambiwa kwamba limeshapitwa na wakati na linafaa kubadilishwa. Mke wangu anakubaliana nao. Anasema jicho la kulia limebaki kijana na la kushoto linazeeka peke yake. Mama anashikilia kwamba yanafanana kabisa. Ila Mama naye ana mtoto wa jicho, ambaye humfanya mtu aone rangi zimefifia na kuingia umanjano, na yuko kwenye foleni ya kufanyiwa upasuaji. Nimesema jipya lingoje mpaka apone, aje achague akiwa anaona vizuri. Mke wangu anasema huko ni kumtafutia fundi ugomvi wa pili.